Gunia la Chekereni na Ushuru wa Bei ya Kutupa

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba akisikia jina la Chekereni huenda asijue liko upande gani wa nchi. Ni kijiji cha tambarare, kusini ya mji wa Moshi, mahali ambapo maji ya mito ya Rau na Njoro yameongozwa kwa mifereji hata yakaingia katika majaruba ya mpunga. Mradi huo wa umwagiliaji, uitwao Lower Moshi, ulijengwa kwa mkopo wa Japani na ukakamilika mwaka 1987. Ulikusudiwa kuhudumia hekta 2,300, na katika hizo hekta 1,100 zikiwa za mpunga, katika vijiji vya Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Mwaka 1994 kilianzishwa hapo Chekereni chuo cha kuwafundisha wakulima na mabwana shamba kilimo cha mpunga wa majaruba, na wengi waliopita katika chuo hicho wako mikoani leo wakifundisha wenzao.

Lakini leo hatuandiki juu ya mpunga. Tunaandika juu ya gunia linaloubeba.

Tulipita Chekereni wakati wa mavuno. Penye mashine ya kukoboa tulimkuta mama mmoja wa makamo akishona mdomo wa gunia kwa shazia, na kando yake vimepangwa viroba vya plastiki vilivyokwisha kujazwa hata vikavimba mgongo, kwa namna ile ya lumbesa ambayo serikali imeikataza mara nyingi na wanunuzi wakaendelea nayo. Tulimwamkia, naye akatuitikia marahaba. Tukamwuliza magunia hayo yanatoka wapi. "Dukani, wanangu," akajibu bila ya kuinua uso. Tukamwuliza tena, yaani yanatengenezwa wapi. Hapo akacheka. "Hayo waulizeni wenye maduka. Mimi najua ya zamani tu. Ya zamani yalikuwa ya hapo mjini."

Mama yule alisema kweli. Mji wa Moshi ulikuwa na kiwanda chake cha magunia, katika nchi iliyokuwa ikiongoza kwa katani. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna tani zipatazo 230,000 za katani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno hayo yalikuwa yameshuka hadi kiasi cha tani 20,000 tu. Kamba za plastiki zilichukua nafasi ya kamba za katani katika mashamba ya Ulaya na Marekani, na magunia ya juti kutoka Bara Hindi pamoja na viroba vya plastiki yakachukua nafasi ya gunia la nyumbani. Kiwanda cha Moshi kilisimama. Hatusemi kwamba kiliuawa na bidhaa za nje peke yake, maana tungekuwa tunawapunja wasomaji wetu. Mitambo ilichakaa, umeme ulikatika, na uongozi wa mashirika ya umma wa siku zile unajulikana. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba gunia la nje lilipofika bandarini kwa bei ambayo kiwanda chetu hakikuweza hata kununulia nyuzi, hapakuwa na mashindano tena.

Katika lugha yetu kitu kikiuzwa rahisi mno husemwa kimeuzwa bei ya kutupa. Sheria ya biashara ya kimataifa nayo ina bei yake ya kutupa, ila maana yake ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayowaponza watu. Kisheria bidhaa haihesabiwi kuwa imetupwa kwa sababu ni rahisi; huhesabiwa kuwa imetupwa ikiwa imeuzwa nje kwa bei iliyo chini ya ile inayouzwa nchini kwake yenyewe. Ikithibitika hivyo, na ikithibitika kwamba viwanda vya nchi inayonunua vimeumia kwa sababu hiyo, nchi ile inaruhusiwa kutoza ushuru wa ziada usiozidi tofauti ya bei hizo mbili. Kanada ilitunga sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1904. Kanuni hiyo iliingizwa katika kifungu cha sita cha Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara wa mwaka 1947, na sasa inasimamiwa na Shirika la Biashara Duniani.

Kwa miaka mingi ushuru huo ulikuwa silaha ya matajiri. Mwaka 1987, kwa mfano, Marekani iliuweka juu ya maua ya kanesheni kutoka Kenya, pamoja na maua ya nchi kadhaa za Amerika ya Kusini. Leo mambo yamegeuka. Tangu Shirika la Biashara Duniani lilipoanzishwa mwaka 1995, nchi iliyofungua uchunguzi mwingi kuliko zote si Marekani wala si nchi yoyote ya Ulaya. Ni India. Na katika walioumia wamo majirani zake maskini.

Turudi kwenye gunia. Tarehe 5 Januari 2017 India iliweka ushuru wa kuzuia bei ya kutupa juu ya nyuzi za juti, vitambaa vya juti na magunia ya juti yatokayo Bangladesh na Nepal, kwa muda wa miaka mitano. Na mwishoni mwa mwaka 2022 ikaurefusha. Ushuru ulianzia dola chache tu kwa tani kwa baadhi ya viwanda ukafika zaidi ya dola 350 kwa tani kwa vingine. Hapa tunawaomba viongozi wetu wasimame kidogo watazame. Viwanda ni vya nchi moja, vinasokota juti ile ile iliyolimwa katika bonde lile lile, lakini kimoja kinapita mlangoni karibu bure na kingine kinakuta mlango umefungwa. Tofauti yaletwa na nini? Sehemu ni bei zenyewe. Lakini sehemu kubwa ni makaratasi.

Uchunguzi unapofunguliwa, kiwanda hupelekewa hojaji ndefu na kupewa muda wa siku 30 hivi kuijibu. Huulizwa mauzo yake yote ya mwaka mzima, hati kwa hati, ya nyumbani na ya nje. Gharama za malighafi, mishahara, umeme, uchukuzi, bima, ufungaji, hata punguzo alilopewa mteja huyu na akanyimwa yule. Baadaye wakaguzi huja kiwandani kufungua vitabu. Kiwanda kisichojibu, au kinachojibu nusunusu, hukadiriwa kwa habari zozote zilizopo, na habari zilizopo aghalabu ni zile walizopeleka washitaki wake. Wasiojulikana kabisa hutiwa katika fungu la "wengineo," na fungu hilo ndilo linalobeba kiwango kikubwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, tupate kuelewana. Kiwanda cha Morogoro kinauza gunia nyumbani kwa shilingi 2,000, na kwa mnunuzi wa nchi jirani kwa shilingi 1,700. Tofauti ni shilingi 300, nayo ikilinganishwa na bei ya nje ni karibu asilimia 18. Mwenye kiwanda atasema: mimi sikutupa kitu, nimepata faida huku na huku. Huenda ni kweli. Bei ya nyumbani ilikuwa juu kwa kuwa sisi wenyewe tumeweka ushuru mkubwa wa forodha kumlinda asishindwe na magunia ya nje. Kinga hiyo hiyo tuliyompa kwa mkono wa kulia ndiyo inayomshitaki kwa mkono wa kushoto. Tena magunia ya nyumbani aliyauza wakati wa mavuno yanapogombaniwa, na yale ya nje aliyauza katika miezi ambayo mitambo ingelala. Kanuni za dunia zinataka bei zilinganishwe za wakati unaokaribiana, kwa hiyo haki anayo. Lakini ataidaije kama hana hesabu za mwezi kwa mwezi? Tena shilingi ikishuka thamani katikati ya safari ya mzigo, tofauti nyingine huzaliwa ambayo hakuna aliyeikusudia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wakubwa, na kwamba Tanzania inauza bidhaa chache mno za viwandani hata asiwepo wa kuishughulikia. Hoja hiyo ina ukweli wake. Kanuni zenyewe zinasema kwamba nchi ambayo bidhaa zake hazifikii asilimia tatu ya bidhaa hiyo yote inayoingizwa katika soko lile iachwe, isipokuwa wadogo kama hao wakijumlishwa pamoja wapite asilimia saba. Na tofauti ya bei isiyofika asilimia mbili isihesabiwe. Basi mdogo analindwa, maadamu aendelee kuwa mdogo. Siku atakapoanza kufanikiwa, ndiyo siku atakayobishiwa hodi. Sisi hatuoni kwamba hiyo ni sababu ya kulala.

Tena hata mdogo hakulindwa kila mara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 India iliweka ushuru huo juu ya betri za magari kutoka Bangladesh. Bangladesh ililalamika kwamba betri zake zilizoingia India hazikufikia hata kile kiwango cha asilimia tatu. Mazungumzo ya kirafiki hayakuzaa kitu. Tarehe 28 Januari 2004 Bangladesh ikapeleka shauri katika Shirika la Biashara Duniani, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa nchi iliyo katika kundi la nchi maskini kabisa kuishitaki nchi nyingine mbele ya Shirika hilo. Tanzania imo katika kundi hilo hilo. Shauri halikufika hata mbele ya jopo. Mwezi Januari 2005 India iliuondoa ushuru ule, na mwaka 2006 nchi hizo mbili zikaliarifu Shirika kwamba zimepatana. Msomaji asidhani kwamba serikali ya Dhaka ilifanya kazi hiyo peke yake. Wenye kiwanda cha betri walikuwa na vitabu vilivyo sawasawa, walijua hasara yao, na walikuwa tayari kulipia mawakili. Serikali ilikuwa na kitu cha kushika mkononi.

Kisa cha pili kinatoka barani mwetu na hakikwisha vizuri. Morocco iliweka ushuru wa kuzuia bei ya kutupa juu ya madaftari ya shule kutoka Tunisia, ule wa kudumu ukiwa wa mwaka 2019. Madaftari tu ya watoto. Tunisia ikashitaki, na mwezi Julai 2021 jopo likatoa taarifa iliyoona makosa katika hesabu za Morocco. Papo hapo Morocco ikakata rufaa, na mahakama ya rufaa ya Shirika la Biashara Duniani haikuwa na mwamuzi hata mmoja, kwa kuwa Marekani ilikuwa imezuia uteuzi wao kwa miaka. Shauri likaning'inia. Hao ni ndugu wawili Waarabu, wote Waafrika, wanachama wa Umoja wa Afrika. Tunalitaja jambo hili kwa sababu viongozi wetu husimulia habari za Eneo Huru la Biashara la Afrika kana kwamba ushuru umekwisha. Biashara chini ya mkataba huo ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021. Ushuru wa kawaida unapungua, lakini mkataba wenyewe una kiambatisho kizima kinachoruhusu ushuru wa kuzuia bei ya kutupa kati ya nchi na nchi. Mlango mmoja ukifunguliwa, mwenye nyumba mwenye wasiwasi hutafuta komeo la mlango mwingine. Afrika Kusini na Misri wamezoea komeo hilo siku nyingi. Mwaka 2017 Kenya nayo ilitunga sheria na kuunda chombo maalumu cha kuchunguza mambo haya.

Na sisi? Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2004, na Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika ya Mashariki ina kanuni na kamati ya shughuli hii. Karatasi hazikosekani. Lakini hapa kwetu, bidhaa rahisi ya nje inapowatesa wenye viwanda, tumezoea kupandisha ushuru wa bajeti, kupiga marufuku, au kutoa vibali na kuvifuta. Wakulima wa mpunga wanaijua vyema desturi hii. Kwa kawaida mchele wa nje ukiingia Afrika ya Mashariki hutozwa asilimia 75, au dola 345 kwa tani, ikiwa ndiyo kubwa zaidi. Lakini mwaka 2013, bei ya vyakula ilipopanda mijini, mchele wa nje uliruhusiwa kuingia bila ya ushuru, na bei ya mkulima ikaanguka. Mwaka mmoja ukuta, mwaka mwingine uwanja. Nani atapanga hesabu zake katika hali hiyo?

Hapa ndipo habari inapofika kwa wasomaji wetu wa Visiwani. Zanzibar inakula mchele mwingi kuliko inaoulima, na mwingi wa mchele huo hutoka Asia. Kwa muda mrefu Zanzibar imepewa nafasi ya kutoza ushuru mdogo kuliko ule wa Bara. Hatuoni kosa katika jambo hilo. Mvuvi wa Nungwi na mchumaji karafuu wa Mkoani wasilipie sera ambayo haikuwazalishia hata pishi moja. Lakini mkulima wa Chekereni naye hukaa akishuku kwamba mchele ulioshushwa Malindi huvuka bahari usiku kwa majahazi na kumkuta sokoni. Kila upande una sababu zake za kununa.

Kadhalika kwa bidhaa nyingine. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Visiwani wamelalamika kwamba mzigo uliokwisha kulipiwa Unguja, ukifika Dar es Salaam, ulithaminiwa upya na mwenyewe akatakiwa alipe tofauti. Jambo hilo liliingia katika orodha ya kero za Muungano na vikao havihesabiki. Sukari ya Mahonda nayo ilipata kukwama kuingia Bara, na habari hiyo ikafika hadi Bungeni. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba kiwanda hakijatosheleza mahitaji ya Zanzibar, kwa hiyo kikiuza Bara, pengo la Visiwani litazibwa na sukari ya nje. Tazameni hoja hizo zilivyojengwa. Kulinganisha bei mbili za mahali pawili na kutoza tofauti. Kumshuku mwuzaji kwamba nyuma yake ipo bidhaa rahisi isiyo yake. Ni mantiki ya ushuru wa bei ya kutupa, ila imetumika ndani ya nchi moja, bila ya hojaji, bila ya uchunguzi, bila ya siku ya kujitetea. Kama twadai kwa nchi za nje kwamba wasitutoze mpaka wathibitishe hasara, basi mwenye kiwanda wa Mahonda angekuwa na haki ya kudai hivyo hivyo kwetu.

Lipo na jambo zito zaidi kwa Visiwani. Ushuru huu hutozwa kwa nchi bidhaa inakotoka, na katika vitabu vya forodha vya dunia nchi hiyo ni Tanzania. Biashara ya nchi za nje na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano. Chukulia kiwanda kidogo cha Unguja kinachotengeneza bidhaa ile ile inayotengenezwa na kiwanda kikubwa cha Dar es Salaam. Nchi ya nje ikifungua uchunguzi, tangazo litapelekwa kwa ubalozi na kwa wenye viwanda wanaojulikana. Kile kikubwa kitajibu na kupata kiwango chake. Kile cha Unguja, ambacho pengine hakikupata hata habari, kitahesabiwa katika "wengineo," na kitabeba kiwango cha juu kwa miaka mitano kwa dhambi isiyokuwa yake. Ndiyo maana tunasema Wizara ya Biashara ya Zanzibar haina budi kuwa na watu wake ndani ya chombo chochote kitakachoshughulikia mambo haya kwa niaba ya Tanzania, wapate tangazo siku lile linapotoka na si wiki tatu baadaye, ambapo nyingi katika siku 30 za kujibu zimekwisha kuliwa na posta za ofisini.

Kwa Serikali ya Muungano tunayo machache. Balozi zetu za New Delhi, Pretoria, Brussels na Nairobi zipewe kazi ya kusoma magazeti ya serikali ya nchi hizo kila siku, maana hodi yenyewe hupigwa humo. Wachumi na wanasheria wachache wafundishwe kazi hii barabara na waachwe waikalie; si kuwahamisha kila baada ya miaka miwili. Wenye viwanda nao waache desturi ya kuwa na vitabu viwili, kimoja cha mtoza kodi na kimoja cha mwenye mali. Mkaguzi wa nchi ya nje akivikuta viwili havitaamini vyote. Na kama siku moja sisi ndio tutakaotoza ushuru huu, kwa mfano juu ya magunia ya nje ili kiwanda cha hapa kipate pumzi, basi kwanza ihesabiwe nani atalipa. Atalipa mkulima wa Chekereni katika kila gunia la mpunga, na mkulima wa karafuu wa Wete, na wa korosho wa Mtwara. Kanuni zinaruhusu kutoza chini ya tofauti kamili, ikiwa kiasi hicho kinatosha kuponya hasara ya kiwanda. Tungependelea hivyo.

Tulipoaga, mama yule wa Chekereni alikuwa amemaliza kushona gunia la nane. Aliligeuza ili alipige chapa ya wino ya mwenye mzigo. Lilikuwa la juti kuukuu, limekwisha kubeba mizigo mingine kabla, na ubavuni palikuwa na maandishi ya kiwanda yaliyofutika hata hayasomeki. Lori lilikuwa linasubiri barabarani. Dereva alituambia anashusha Dar es Salaam, na kwamba nusu ya mzigo una mwenyewe Unguja.